Maswali ya wasomaji: Hivi kuna protini ya kansa tupu?

Mwezi huu maswali mengi yameangukia sehemu moja, ndani ya kiini cha seli. Sijui kumetokea nini ila nimefurahi maana ndio eneo langu, nimekaa miaka mingi nainamia hadubini mpaka shingo inalalamika. Nimeyafupisha kidogo, wengine mnaandika salamu peke yake zinamaliza ukurasa.

Swali: Shikamoo daktari. Mi nasoma baiolojia, tumefundishwa kansa ni seli zinazogawanyika ovyo. Lakini seli za kawaida nazo si zinagawanyika? Sasa ukichukua kiini cha seli iliyotulia, cha inayogawanyika na cha kansa, protini za humo ndani zinatofautiana nini? Kuna protini ambayo iko kwa kansa tu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Karibu zote ni zilezile. Najua ulitegemea nikutajie jina moja baya hivi, lakini kiini cha kansa kina wafanyakazi walewale wa kiini cha kawaida, kinachobadilika ni wako wangapi, wanaingia zamu saa ngapi na wamekaa chumba gani. Shika hayo matatu alafu twende taratibu.

Anza na histoni. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2, na kiini chenyewe upana wake ni kama mikromita 6, yaani upange viini mia na sitini na kitu kwenye mstari ndio upate milimita 1. Uzi wote huo unakaaje humo bila kujifunga mafundo? Umezungushwa kwenye histoni, histoni 8 zinashikana zinakua kama kigurudumu cha uzi, herufi 147 za DNA zinajizungusha hapo karibu mara mbili, alafu kigurudumu kingine, na kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mjerumani Albrecht Kossel ndio alizitoa histoni mara ya kwanza mwaka 1884 kwenye damu ya bata bukini. Na hizi protini hazibadiliki kirahisi kabisa, histoni inayoitwa H4 ina amino asidi 102 (ndio matofali ya kujengea protini), ukilinganisha ya ng'ombe na ya mnjegere unakuta zimetofautiana mbili tu, na hao wawili wameachana ukoo zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita! Sasa protini ambayo haikubadilika kati ya njegere na ng'ombe, utegemee ibadilike kati ya ini zima na ini lenye uvimbe?

Inachofanya ni kuongezeka. Seli ikiamua kugawanyika inanakili DNA yote, na DNA ikiwa mara mbili vigurudumu navyo lazima viwe mara mbili, kwa hiyo ndani ya masaa machache histoni zinatengenezwa kwa kasi ya ajabu. Alafu wakati wenyewe wa kugawanyika histoni H3 inabandikwa fosfeti, kikemikali kidogo kama alama, kwenye amino asidi yake ya 10, sisi maabara tunaitafuta hiyo alama kujua seli gani ziko katikati ya kazi. Lamini nazo, zile protini zinazoshikilia ukuta wa kiini kwa ndani kama fremu, zinabandikwa fosfeti zinaachana, ukuta unavunjika, kromosomu zinavutwa huku na huku, na kazi ikiisha fremu mbili mpya zinajengwa. Yote haya ni seli ya kawaida kabisa hiyo, hatujafika kwenye kansa bado.

Mfano ninaoupenda ni ini la panya. Mwaka 1931 Higgins na Anderson walieleza namna ya kukata thuluthi mbili za ini la panya na panya akabaki hai. Kwa kawaida seli za ini zimetulia tuli, karibu hamna inayogawanyika, ila ukishakata tu zile zilizobaki zinaamka, ndani ya siku moja hivi ziko kwenye kilele cha kunakili DNA, na wiki moja ikipita, au siku 10 hivi, ini limerudi uzito wake. Likisharudi linaacha. Hapo ndio pa kupaangalia, linaacha lenyewe.

Sasa miaka ya 1970 kina Harris Busch kule Houston, Marekani, walikua wanalinganisha hivi hivi unavyouliza wewe: viini vya ini lililotulia, vya ini linaloota upya, na vya uvimbe wa kansa ya ini la panya unaoitwa Novikoff. Walikua wanazitandaza protini kwenye jeli zinakua madoa madoa, alafu unakaa unalinganisha doa kwa doa, kazi ya kutoa machozi. Madoa mengi yalilingana. Machache yalizidi au kupungua, na hata doa likionekana geni usikimbilie kusema umepata protini mpya, maana kuna doa moja waliliita A24 ambalo mwaka 1977 Goldknopf na Busch walionyesha kumbe ni histoni H2A yetu ileile ila imeungwa na kiprotini kingine kidogo ubavuni. Hicho kiprotini sa hivi kinaitwa yubikwitini na kina kazi nyingi kwenye seli kuliko ninavyoweza kukueleza humu.

Kwa hiyo ukiniuliza kiini cha ini linaloota na kiini cha kansa vinafanana? Sana, kuliko kila kimoja kinavyofanana na ini lililolala. Vyote vina histoni mpya nyingi, vyote vina PCNA tele, hii ni protini ya umbo la pete inayovishwa kwenye DNA ili mashine ya kunakili isiteleze ikaanguka. Tofauti iko kwenye breki. Kwenye seli iliyotulia kuna protini inaitwa Rb, imemkumbatia mwenzake E2F hamwachii, na E2F ndio mwenye ufunguo wa kuwasha jini (vile vipande vya DNA vyenye maagizo) za kunakili DNA. Mwili ukitaka seli igawanyike zinaongezeka saiklini, zinaungana na vimeng'enya vinaitwa CDK4 na CDK6, vinambandika Rb fosfeti nyingi mpaka anamwachia mwenzake, kazi inaanza. Jina saiklini lilitokana na Tim Hunt, mwaka 1982 alikua anaangalia mayai ya vile viumbe wa baharini wenye miiba mwili mzima, akaona kuna protini inajaa inapotea, inajaa inapotea, kila yai linapogawanyika. Seli ya kawaida ina huo mwendo wa kujaa na kupotea. Kansa imeharibu kupotea: saiklini haishuki, au Rb mwenyewe katolewa, au CDK4 iko mara kumi, njia ni nyingi lakini zote zinaishia kwenye mlango uleule kubaki wazi. Na ndio maana kuna vidonge sa hivi, palbociclib cha kwanza kilipitishwa Marekani 2015 kwa kansa ya matiti, kazi yake ni kuzuia CDK4 na CDK6 tu.

Nisikudanganye lakini, protini za kansa tupu zipo, chache. Kuna aina moja ya kansa ya damu ambapo kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande, ikazaliwa protini ya kuunganisha, PML-RARA, nusu huyu nusu yule, mtu asiye na huo ugonjwa hana hiyo kitu. Huyo kiumbe anakaa kwenye kiini anazuia chembe za damu zisikomae. Madaktari wa Shanghai mwaka 1988 walitangaza kua ukimpa mgonjwa dawa ya jamii ya vitamini A zile chembe zinakomaa zenyewe, baadaye ikaongezwa arseniki, ndio, ile sumu, inaivunja hiyo protini, na ugonjwa uliokua unaua kwa siku chache leo wengi sana wanapona. Na zile histoni nilizokwambia hazibadiliki? Mwaka 2012 ikaonekana watoto wenye uvimbe fulani kwenye shina la ubongo wana H3 iliyobadilika amino asidi moja tu, ya 27. Moja! Hiyo moja inatosha kuvuruga alama za kufunga jini kwenye kiini kizima. Kwahiyo nilisema "karibu" zote, mwalimu wako akikubana mwambie hivyo.

Swali: Dokta habari ya kazi. Mama yangu katolewa kinyama titi, majibu yameandikwa ER chanya, Ki-67 asilimia 35. Nimelia usiku kucha, ina maana kansa imeshaenea asilimia 35 ya mwili?

Jibu: Dada pole sana na mama, na hapana, haina maana hiyo hata kidogo, futa machozi kwanza.

Ki-67 ni protini ya kiini. Iko kwenye seli yoyote iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika, hatua zote, na seli iliyotulia kabisa haina. Waliigundua Kiel, Ujerumani, kina Gerdes wakaitangaza 1983, "Ki" ni Kiel na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani yao ya maabara, basi, wala hakuna siri nyingine kwenye hilo jina. Kinachofanyika ni hivi, kile kinyama kinakatwa vipande vyembamba, kinawekwa kwenye kioo, kinamwagiwa kingamwili inayoishika Ki-67 peke yake, viini vyenye hiyo protini vinageuka kahawia na vingine vinabaki bluu. Mtu kama mimi anakaa anahesabu. Asilimia 35 maana yake katika kila seli 100 za ule uvimbe, 35 zilikua kahawia. Haisemi chochote kuhusu kuenea. Kuenea kunaangaliwa kwenye tezi na kwa picha.

Sasa 35 ni nyingi au kidogo? Kwenye titi la aina ya mama yako, wataalamu wa kimataifa wanaoshughulika na hii kitu walikubaliana asilimia 5 kushuka chini ni ndogo, 30 kupanda juu ni kubwa, katikati hapo wenyewe wanasema tusiitegemee sana maana maabara mbili zinaweza kusoma kioo kimoja zikatoa namba tofauti (na ni kweli, nimeshawahi kubishana na mwenzangu nusu saa nzima kuhusu kiini kimoja kama ni kahawia au ni bluu chafu). Kwa hiyo ya mama iko upande wa seli zinazogawanyika haraka. Daktari wake ataitumia kuamua kama dawa za dripu zinahitajika pamoja na vidonge, ila haamui kwa namba hiyo tu, ataangalia ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, umri na mengine.

Na kuna kitu watu hawaambiwi, kugawanyika haraka sio lazima iwe habari mbaya tupu, kwa sababu dawa nyingi za dripu zinapiga seli inayogawanyika. Kuna kansa ya matezi inaitwa Burkitt ambayo Ki-67 yake ni karibu asilimia 100, hakuna inayokua kwa kasi kama ile, na bado ni moja ya zile zinazoitikia dawa vizuri mno. Tena ngoja nikwambie, chukua tonsili ya mtu asiye na kansa yoyote, tazama yale maeneo ya katikati ambako askari wa mwili wanazaliana, Ki-67 imejaa kahawia tupu, na sisi kila siku tunaweka kipande cha tonsili pembeni ya slaidi ya mgonjwa kuhakikisha rangi inafanya kazi. Ingekua Ki-67 ni protini ya kansa basi kila mwenye tonsili angekua mgonjwa.

Hiyo ER chanya ndio habari njema kwenye karatasi yako. ER ni kipokezi cha homoni ya estrojeni, nacho kinakaa ndani ya kiini, seli za titi za kawaida wanacho pia baadhi. Uvimbe ukiwa nacho maana yake bado unasikiliza homoni, na kinachosikiliza kinaweza kunyamazishiwa redio, ndio kazi ya tamoxifen na wenzake. Nenda na mama kwa daktari wake na hiyo karatasi, usikae na namba peke yako usiku.

Swali: Nafanya kazi maabara. Kila mahali naambiwa p53 inazuia kansa, alafu nikitazama slaidi za kansa ndio imejaa kuliko kwenye seli nzima. Mnatuchanganya.

Jibu: Hahaha, usijali, wamechanganyikiwa wakubwa kabla yako. p53 iligunduliwa 1979, na timu kadhaa kwa wakati mmoja, na kwa sababu walikua wanaikuta tele kwenye seli za kansa wakahitimisha kua yeye ndio mchochezi, na wakiiweka kwenye seli inasaidia kweli kuleta kansa. Miaka kumi nzima dunia ikaamini hivyo! Mpaka 1989 ndio wakashtuka kua zile nakala walizokua wanazitumia zilikua mbovu tayari, ile nzima inafanya kinyume chake, inazuia. Mwaka 1992 David Lane akaipa jina mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli.

Iko hivi. Kwenye seli nzima p53 inatengenezwa kila wakati na inavunjwa kila wakati, haimalizi hata nusu saa, anayeiburuta kwenda kuvunjwa anaitwa MDM2. Na MDM2 anatengenezwa kwa amri ya p53 mwenyewe, yaani mlinzi ndio anamlipa mshahara anayemfukuza. DNA ikiumia, huyo MDM2 anasukumwa pembeni, p53 inajaa ndani ya kiini, inasimamisha mgawanyiko mpaka DNA itengenezwe, ikishindikana inaiamuru seli ijiue. Kwahiyo kwenye tishu nzima utaona viini vichache vichache vyenye rangi hafifu, huyu kidogo, yule kidogo, wengine hamna.

Sasa jini yake ikibadilika, mara nyingi ni amino asidi moja tu, p53 inashindwa kuishika DNA, haiwezi kutoa amri, hata ya kumtengeneza MDM2 inapungua, haivunjwi vizuri, inarundikana. Unachokiona kimejaa kwenye slaidi ni walinzi waliokaa getini bila kazi. Ndio maana wewe wa maabara usiangalie kahawia tu, angalia mpangilio. Rangi ya mchanganyiko mchanganyiko, mara nyingi jini ni nzima. Kahawia kali kila kiini, jini imebadilika. Na ile inayowaponyoka wengi: hamna rangi kabisa, sifuri, hata kidogo, wakati seli za kawaida za pembeni zina rangi hafifu kuonyesha dawa imefanya kazi, hapo nayo jini imeharibika, protini imekatika haipo tena. Nimeona ripoti zimeandikwa "p53 hasi, kawaida" kwa kioo cha namna hiyo na roho ikaniuma. Kwenye ile kansa kali ya ovari inayoitwa serasi ya daraja la juu, jini ya p53 imebadilika kwa karibu wagonjwa wote, kwahiyo ukiipata yenye rangi ya mchanganyiko jiulize mara mbili kama umeipa jina sahihi.

Swali: Eti HPV ni kirusi kidogo tu, kina jini chache, kinawezaje kuleta kansa ya mlango wa kizazi? Kinaleta protini zake za kansa?

Jibu: Kinaleta mbili, E6 na E7, na ukishasoma majibu ya juu utaelewa haraka. E6 inamkamata p53 inampeleka kuvunjwa. E7 inamng'ang'ania Rb anamwachia E2F. Basi. Kirusi hakijabuni chochote kipya, kimeondoa walinzi wawili tu na mitambo ya seli inaendelea yenyewe. Kirusi kinafanya hivyo kwa faida yake, kinataka seli inakili DNA ili nacho kinakiliwe humo humo. Kuna hata dalili tunayoitumia, Rb akishatolewa seli inajitahidi kufunga breki nyingine inaitwa p16, inaizalisha kwa wingi bila mafanikio, tukiona p16 imejaa eneo zima kwenye kinyama cha mlango wa kizazi tunajua E7 iko kazini.

Na hapa nirudi kwa yule mwanafunzi wa mwanzo. Seli maarufu kuliko zote maabara, HeLa, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, ndani yake kuna HPV aina ya 18, na hazijaacha kugawanyika tangu siku hiyo mpaka leo unaposoma hapa. Ukizipima jini ya p53 ni nzima kabisa, ya Rb nayo nzima, ni protini tu zinanyang'anywa kila zinapotengenezwa. Mwaka 2000 Goodwin na DiMaio wakazizima E6 na E7 ndani ya HeLa kuona itakuaje. p53 ikarudi, Rb akarudi, na seli ambazo zilikua zimegawanyika karibu miaka hamsini bila kupumzika zikasimama ndani ya siku chache, zikatanuka, zikazeeka.